Twiga wa Nzioka Hawabadiliki

Nzioka alikuwa mchongaji wa twiga. Hakuchonga ndovu, hakuchonga kifaru, na mteja akimwomba simba alimwelekeza kibanda cha pili, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mwenzake chooni. Kwao Wamunyu wachongaji hugawana wanyama hivyo: aliyeshika kiboko hubaki na kiboko wake hadi mkono ukatae. Nzioka alipewa twiga akiwa na miaka kumi na saba. Sasa ana arobaini na minane, na hajawahi kumgusa mnyama mwingine.

Aliishi Kinoo, vyumba viwili vya kupanga, na nyuma ya vyumba hivyo mwenye ploti alikuwa amemruhusu kujenga kibanda cha mabati. Humo alichonga kwa tezo na patasi, na vibanzi vya jakaranda viliruka hadi kwenye ugali wa majirani. Siku tatu kwa wiki alishuka mjini Nairobi kuuza, karibu na barabara ya Muindi Mbingu, ambako watalii walimwita rafiki na kumwomba apunguze bei.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza. Ya pili, ambayo hakulipwa hata senti na aliipenda kuliko ile ya kwanza, ilikuwa kumjibu Kavindu.

Kavindu alikuwa binti yake wa pekee, na tangu alipojua kusema alikuwa mtu wa maswali. Alikuwa akikaa pale kibandani huku babake anachonga, anauliza. Baba, kwa nini mwezi unatufuata? Kwa sababu na wenyewe unaenda Kinoo. Baba, kwa nini kuku hana maziwa? Mayai yanamtosha, akipewa na maziwa atajivuna. Baba, jongoo anajuaje aanze na mguu gani? Wa kulia, kama askari. Nzioka hakuwahi kukosa jibu. Majibu mengine yalikuwa hata ya kweli. Kavindu aliyachukua yote, akayapeleka shuleni, akayapigania kwa niaba ya babake, na mara mbili alirudi na sare imechanika.

Mwaka huu Kavindu aliingia gredi ya saba, na maswali yakaanza kupungua. Nzioka aliligundua jambo hilo kabla ya mkewe Syokau. Binti alikuja kibandani, akakaa, akaangalia tezo ikipanda na kushuka, akaondoka bila neno. Nzioka alijiambia ni ukubwa, wasichana huwa hivyo. Lakini moyo ulimuuma, na hakupata mtu wa kumwambia.

Halafu siku moja ya Mei, wakila muthokoi, Kavindu akasema:

"Baba, leo tumesoma asili ya binadamu."

"Vizuri," Nzioka akasema. "Adamu."

"Adamu tulimsoma kwa CRE, somo la dini. Hii ni Social Studies. Mwalimu Wanjugu amesema watu wa zamani walikuwa na sura tofauti na hii yetu, halafu kidogo kidogo, miaka mingi sana, wakabadilika."

Nzioka aliweka kijiko chini. "Wakabadilika kutoka nini? Kutoka nyani?"

"Si nyani, Baba. Watu husema hivyo lakini si hivyo. Sisi na sokwe tulikuwa na babu mmoja."

"Babu yako anaitwa Kitavi," Nzioka akasema. "Yuko Wamunyu, na ana simu. Nimpigie umuulize kama anawajua hao sokwe?"

Syokau alicheka hadi akapaliwa. "Mpigie, Baba Kavindu," akasema alipopata pumzi, "lakini habari ya sokwe mpe polepole. Mzee ana presha."

Kavindu naye alicheka, akamaliza muthokoi wake, akaenda kuosha sahani. Nzioka ndiye hakucheka. Si sokwe waliomsumbua. Alikuwa ameshawasikia sokwe hao kanisani, wakipigwa kila mwaka kutoka mimbarini, na hawakuwahi kumnyima usingizi. Kilichomsumbua ni kwamba mtoto hakuuliza. Hakusema, Baba, ni kweli? Alikuja na jambo kubwa kuliko mwezi na jongoo na maziwa ya kuku, akaliweka mezani likiwa limeshajibiwa na mtu mwingine. Nzioka aliona kazi yake ya pili imechukuliwa, tena na Mwalimu Wanjugu, msichana wa juzi tu, ambaye hata mtoto wake mwenyewe hajapata.

Alikwenda shuleni kumwona. Alikuwa amepanga maneno makali, lakini Mwalimu Wanjugu alimpa kiti, akamwita mzazi, akamwambia kwamba yeye mwenyewe anaimba kwaya, sauti ya pili, na kwamba darasani wanasoma masimulizi ya dini na ya makabila na yale ya wanasayansi, yote matatu, kisha watoto wanachagua moja la kutengenezea projekti. Ni vigumu kumfokea mtu anayeimba sauti ya pili. Nzioka alisema asante na akaondoka na maneno yake yote.

Basi akaenda kwa Mzee Jamleck.

Jamleck alikuwa mzee wa kanisa lao, mwenyeji wa Kinoo toka zamani, na nyuma ya nyumba yake alifuga kuku. Hakuwa anafuga kuku wa hivi hivi. Kwenye lango aliandika kwa rangi nyekundu: KUKU WA KIENYEJI WALIOBORESHWA. Nzioka alimkuta bandani, kuku mmoja mkubwa kama mbwa mdogo akiwa kwapani.

"Bwana asifiwe, Mzee."

"Asifiwe sana, ndugu Nzioka. Mbona uso umeanguka?"

Nzioka akaeleza. Jamleck alisikiliza akimpapasa kuku wake, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Ndugu yangu, kitu ni vile kiliumbwa. Kuku ni kuku. Alikuwa kuku jana, atakuwa kuku kesho. Wewe ushaona kuku akibadilika?"

Nzioka alimtazama yule kuku. Hakufanana na kuku hata mmoja wa mamake kule Wamunyu. Alikuwa mara tatu ya wale, hakujua kuatamia, na Jamleck mwenyewe aliwahi kulalamika kwamba mvua kidogo tu inamtia mafua. Lakini Nzioka alikuwa amekuja kutafuta msaada, si ubishi.

"Usimpigie kelele mtoto," Jamleck akaendelea. "Mtoto wa siku hizi ukimpigia kelele anaenda kwa simu kuulizia huko. Mpe mfano. Chukua kitu cha mkono wako mwenyewe, kitu anakijua, umwonyeshe."

Nzioka alirudi nyumbani miguu ikiwa miepesi. Kitu cha mkono wake mwenyewe! Jioni ile, jua likiwa bado liko juu ya mabati, alimwita Kavindu kibandani, akainua twiga aliyekuwa anampiga msasa.

"Huyu ni nani?"

"Ni twiga, Baba."

"Na yule nilichonga kabla wewe hujazaliwa, alikuwa nani?"

"Twiga."

"Basi. Miaka ishirini na minne niko hapa Kinoo, na twiga wangu ni yule yule. Hajabadilika hata singa moja ya mkia. Twiga wa mti, ambaye hana akili, hawezi kubadilika nikiwa nimemshika na mikono miwili. Sasa huyo binadamu wenu alibadilika akiwa ameshikwa na nani?"

Kavindu alimtazama babake. Akamtazama twiga, kuanzia kwato hadi pembe, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Sawa, Baba," akasema.

Nzioka aliingia ndani akipiga mluzi. Alimweleza Syokau jinsi alivyoimaliza kesi nzima kwa maneno machache. Syokau, aliyekuwa anachagua ndengu, na ambaye aliijua "sawa" ya binti yake kwa sababu ilitoka kwake, alichomoa kijiwe akakitupa.

Hapa pana jambo la kazi ambalo lazima lielezwe. Nzioka hakuchonga kutoka kichwani wala kutoka pichani. Alichonga kutoka kwa mfano. Mfano ulianzia kwa twiga aliyenunuliwa haraka mjini. Nzioka alirudi nyumbani akachonga ndugu wa twiga huyo upesi kabla mkono haujasahau, akamtundika mbele yake kibandani, na wote waliofuata wakafuata huyo. Ikapita miaka miwili, pengine mitatu, akatoka mmoja aliyepinda kidogo hivi au kuinuka kidogo hivi, na watalii wakamgombania. Huyo sasa akawa mfano mpya. Wa zamani alichomwa mwaka wake tumboni kwa msumari wa moto, akatiwa kwenye kreti chini ya kitanda. Na wale ambao hakuna aliyewataka, waliokaa mjini hadi wakapauka, walirudishwa Kinoo wakachemsha maji ya kuoga. Nzioka hakuwahi kuifungua ile kreti kutazama. Atazame nini, na anajua kilichomo? Ni twiga.

Wiki mbili baadaye ikaja barua kutoka shuleni. Wazazi wa gredi ya saba walialikwa Ijumaa kutazama projekti za watoto wao.

"Yako ni ya nini?" Nzioka akauliza.

"Utaiona, Baba."

Zamani Kavindu hangeweza kukata hata kadibodi bila kuja kibandani kuomba gundi, msasa na maoni. Nzioka alisema haya, utanionyesha, na akaendelea kuchonga. Siku hiyo aliharibu twiga wawili.

Ijumaa alivaa suti ya kanisani. Jamleck naye alikuja, kwa kuwa mjukuu wake alikuwa darasa hilo hilo, na wakaingia pamoja kama watu wanaokwenda kukagua daraja. Madawati yalikuwa yamepangwa ukutani. Mtoto mmoja alileta Adamu na Hawa wa maganda ya mahindi, wamevalishwa suti na gauni ili mwalimu asione aibu. Mwingine alileta fuvu la karatasi na gundi lililofanana sana na bakuli. Mjukuu wa Jamleck alileta kuku, hai, bila maelezo.

Pembeni, juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, kulikuwa na twiga kumi na mmoja wamesimama mstari mmoja.

Jambo la kwanza alilolihisi Nzioka ni la kibiashara: wamepangwa vizuri. La pili lilikuwa dharau. Alimnyanyua wa kwanza upande wa kushoto, kinyama kinene, miguu mifupi, shingo ya mbuzi.

"Hii takataka ni ya nani?" akamuuliza Jamleck. "Kuna watu wanaharibia wengine kazi."

Akamgeuza. Tumboni pamechomwa 2001, na kando yake herufi N, kwa mkono wake mwenyewe.

Nzioka akamrudisha chini taratibu. Akatazama wa pili, wa tatu, wa nne. Shingo ilikuwa inapanda. Haikuruka mahali popote. Huyu na aliyemfuata ungedhani ni pacha. Lakini ukitoka wa kushoto ukaenda wa kulia, ulianza na mbuzi mwenye madoa ukamaliza na mlingoti wa bendera. Hapo katikati miguu nayo ilikuwa imekonda. Nzioka alijishika shingo yake mwenyewe bila kujua.

Kavindu alisimama mbele ya madawati na rula mkononi. Aliona babake amefika, akaanza.

"Hawa wote ni twiga wa baba yangu. Huyu ni wa elfu mbili na moja, na huyu ni wa mwaka jana. Hakuna siku baba aliamka akasema leo nitachonga shingo ndefu. Watalii ndio walikuwa wanachagua. Kukiwa na mwenye shingo imezidi kidogo, wanachukua huyo, na baba anachonga anayefanana na huyo. Hapa miguu ikaanza kukonda, kwa sababu mizigo ya ndege inapimwa kilo. Na hawa," akainua kopo la maziwa lililojaa majivu, "ni wale hawakuchaguliwa."

Wazazi wakacheka.

"Ilikuwa ikienda pole pole hivyo, hata baba mwenyewe hakuona. Juzi tu aliniambia twiga wake hawajabadilika hata singa ya mkia."

Sasa darasa zima liliangua kicheko, na mama mmoja mbele alipiga dawati kwa kofi. Nzioka alihisi masikio yanawaka moto. Alitamani ardhi ya Kinoo, ambayo kwa kawaida haikosi mashimo, ifungue jingine pale pale.

Ni Jamleck aliyemwokoa. "Muulize!" akapaza sauti kutoka nyuma. "Muulize huyo mtoto, ni nani alichonga?"

"Ni baba," Kavindu akasema.

"Amina!" Jamleck akasema, na wazazi nusu wakaitikia amina, na nusu wakasema lakini wanunuzi je, na mara darasa likagawanyika katikati kama siku ya mpira. Nzioka alisimama. Damu ilikuwa imemrudia.

"Ni mimi," akasema. "Mmoja mmoja, kwa mkono huu. Hapa hakuna twiga alijichonga."

Wakampigia makofi. Hata Mwalimu Wanjugu alipiga, akasema, "Ni kweli, mzazi," na Nzioka akavuta koti lake vizuri. Alimtazama binti yake aone kama ameelewa nani ameshinda.

Kavindu hakuwa amekasirika. Alikuwa amekunja uso kidogo, rula imetulia begani.

"Baba," akasema, "wakati ulikuwa unachonga huyu wa kwanza, ulikuwa unajua huyu wa mwisho atatoka hivi?"

Wazazi wote waligeuka kumtazama Nzioka. Hata kuku aligeuza shingo.

Nzioka alijua jibu linalotakiwa. Jamleck alikuwa anamwonyesha kwa kichwa, juu chini, juu chini: sema ndiyo, ndugu, sema ndiyo tumalize. Na neno lenyewe lilikuwa fupi. Alikuwa amemwambia mtoto huyu kwamba mwezi unaenda Kinoo. Hili lingekuwa nini? Akamtazama yule wa elfu mbili na moja, mnene, mwenye miguu ya meza. Alikumbuka siku aliyomchonga. Alikuwa kijana, alikuwa na njaa, Kavindu hajazaliwa bado, na alidhani amechonga twiga mzuri kuliko wote duniani.

"Sikujua," akasema.

Jamleck akakaa chini. Mwalimu Wanjugu aliandika kitu kwenye daftari lake, na kabla ya saa kumi ilijulikana kwamba Kavindu Nzioka amezidi matarajio, ambayo ndiyo alama ya juu kuliko zote.

Walirudi nyumbani kwa miguu, kwa njia ya vumbi iliyo kando ya Waiyaki Way. Nzioka alibeba kreti begani, Kavindu akabeba kopo la majivu. Jamleck alikuwa amebaki nyuma, kuku wa mjukuu wake ametoroka. Nzioka alitembea akitazama chini, na si kwa hasira. Alikuwa anaogopa. Aliona wazi kabisa jinsi mambo yatakavyokuwa. Mtoto ameuliza swali moja mbele ya watu, babake akashindwa. Leo ni twiga. Kesho atakumbuka jongoo, kesho kutwa atakumbuka mwezi, atayapitia yote moja moja na kuyatupa, na hatauliza tena. Atakuwa binti mwenye adabu anayesema sawa, Baba. Nzioka angempa mtu twiga wote kumi na mmoja, na wale wa majivu juu yake, ili arudi asubuhi ya leo aseme ndiyo.

Walipita muuza mahindi ya kuchoma. Walipita kituo cha petroli.

"Baba."

"Mm."

"Niko na swali."

Kreti ilicheza begani. Nzioka aliishika kwa mikono miwili. "Si umuulize mwalimu wako," akasema, na alijua ni maneno ya kitoto hata kabla hayajamaliza kutoka.

"Mwalimu hachongi," Kavindu akasema. Alitembea hatua chache akilitazama kopo lake. "Wewe ulichonga wote, lakini hukujua watakuwa hivi. Ulikuwa unaona ukiendelea. Sasa Mungu, Baba. Alikuwa anajua tutatoka hivi, ama na yeye alikuwa anachonga akiona?"

Lori lilipita likifukuzana na vumbi lake. Nzioka alisimama. Jibu la Jamleck lilimjia lenyewe, zima, na amina yake juu, likafika kwenye ulimi, akalimeza. Akatafuta la kwake, kila mahali alipokuwa akiyapata siku zote. Hakuna. Miaka kumi na miwili ya kumjibu mtoto huyu, na kapu likawa tupu pale pale kando ya barabara, na cha ajabu ni kwamba alitaka kucheka.

Aliteremsha kreti, akaiweka kwenye nyasi, akajipangusa jasho kwa mkono wa suti ya kanisani.

"Hebu uliza tena," akasema. Alikuwa amesikia kila neno. "Pole pole, mama. Uliza tena."